Shujaa na Mwovu katika Mkono Mmoja: Uhakiki wa Nafasi ya Mchezaji katika Brood War

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuwajadili shujaa na mwovu kama wahusika wawili wanaokabiliana mbele ya msomaji. Msomaji humpenda mmoja na kumchukia mwingine, lakini yeye mwenyewe hubaki nje ya pambano. Michezo ya kompyuta yenye masimulizi inaitikisa dhana hiyo, kwa kuwa tendo la mhusika halikamiliki mpaka mchezaji alitende. Suala hili linajitokeza kwa uzito zaidi pale ambapo mchezaji mmoja hupewa kutenda kwa niaba ya pande zote mbili.

Brood War ni mfano unaofaa kuchunguzwa. Ni nyongeza ya StarCraft, mchezo wa mkakati wa kivita uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani mwaka 1998. Nyongeza yenyewe ilitoka mwishoni mwa mwaka huohuo. Umaarufu wake umetokana zaidi na mashindano ya kulipwa yaliyoshamiri Korea Kusini, hali iliyoyaacha masimulizi yake kivulini. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba Brood War inamfanya mchezaji atende kazi ileile upande wa shujaa na upande wa mwovu. Kinachobadilika ni ujuzi wake kuhusu anayemtumikia.

2.0 Muundo wa Masimulizi

Nyongeza hii ina kampeni tatu zinazofuatana. Katika kampeni ya kwanza, yenye misheni 8, mchezaji anaongoza majeshi ya Protoss waliokimbia sayari yao ya Aiur na kutafuta hifadhi Shakuras. Katika ya pili, yenye misheni 8 pia, anakuwa ofisa katika kikosi kilichotumwa kutoka Dunia chini ya Admirali Gerard DuGalle. Katika ya tatu, yenye misheni 10 bila kuhesabu ile ya siri, anawatumikia Zerg chini ya Sarah Kerrigan, ambaye kufikia hapo masimulizi yamekwisha kumdhihirisha kuwa mwovu mkuu.

Kerrigan si mhusika bapa. Katika mchezo wa awali alikuwa binadamu mpiganaji aliyetelekezwa vitani na kiongozi wake, Arcturus Mengsk, akatekwa na Zerg na kugeuzwa kiumbe wao. Uovu wake una chanzo, na chanzo hicho ni usaliti. Hata hivyo, kuwa na chanzo si sawa na kuwa na haki, na kampeni ya tatu inaishughulikia tofauti hiyo kwa makini.

3.0 Vifo Vitatu

Kila kampeni ina kifo kimoja ambacho mchezaji hukiandalia njia. Vifo hivyo vikisomwa kwa pamoja, ndipo muundo wa kimaadili wa kazi hii unapoonekana.

Kifo cha kwanza ni cha Aldaris. Kiongozi huyu wa Protoss anaasi Shakuras, na mchezaji anaamriwa kuuzima uasi huo. Masimulizi yanamwonyesha Aldaris kama mhafidhina mkaidi, hivyo amri inaonekana halali. Vikosi vyake vinaposhindwa, naye anapoanza kueleza sababu ya uasi wake, Kerrigan, ambaye wakati huo anajifanya mshirika, anamuua kabla hajamaliza. Baadaye sana ndipo inapobainika kwamba Aldaris alikuwa amegundua ukweli: Raszagal, mtawala wa Shakuras, alikuwa ametiwa chini ya mamlaka ya Kerrigan. Shujaa alikuwa amemnyamazisha msema kweli.

Kifo cha pili ni cha Alexei Stukov, rafiki wa siku nyingi wa DuGalle. Stukov anakaidi amri ya kubomoa mtambo unaoweza kuvuruga mawasiliano ya Zerg, na kwa ukaidi huo anahukumiwa kuwa msaliti. Mchezaji anatumwa kumsaka. Anayemuua ni Samir Duran, ambaye ndiye msaliti wa kweli, na mtambo ule unathibitika kuwa silaha ambayo jeshi lake lilikuwa likiihitaji. Kwa mara ya pili, utiifu wa mchezaji umemwangamiza aliyekuwa sahihi.

Kifo cha tatu ni cha Fenix. Mchezaji aliyepitia mchezo wa awali anamfahamu vizuri shujaa huyu wa Protoss: alipigana pamoja naye, akashuhudia akianguka vitani na mwili wake uliovunjika kuwekwa ndani ya mashine ya kivita ili aendelee kupigana. Katika kampeni ya tatu Fenix anaungana na Kerrigan dhidi ya jeshi la DuGalle. Baada ya mji mkuu wa Korhal kukombolewa, washirika wakiwa bado wamechoka, mchezaji anaamriwa kuviangamiza vikosi vya Fenix na vya Jenerali Edmund Duke.

Kuwekwa kwa wahanga hao wawili ndani ya misheni moja kuna maana. Duke ni jenerali wa Mengsk, na kifo chake kinaweza kuelezwa kama kisasi. Fenix hakumkosea Kerrigan lolote. Anayejitetea kwa kisasi anapompiga Duke hana utetezi anapomgeukia Fenix, ilhali anawapiga wote wawili kwa jeshi lilelile.

4.0 Utiifu, Ujuzi na Lawama

Aristotle, katika Poetics, anauona utambuzi kuwa bora zaidi unapoambatana na mgeuko wa mambo, na mfano wake ni Oedipus. Katika Brood War utambuzi huo haumfikii mhusika pekee. Unamfikia mchezaji, tena kwa kuchelewa: akiwa katika kampeni ya tatu ndipo anapoelewa alichokitenda katika ile ya kwanza. Kulinganisha na kisa cha Fumo Liyongo kunaifafanua tofauti hii. Msikilizaji wa kisa hicho hujua kwamba mwana atamchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba, na huumia kwa kujua. Lakini hakabidhiwi sindano. Mchezaji wa Brood War hukabidhiwa.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba mchezaji hana lawama kwa kuwa hana njia ya kukataa: asipotimiza lengo la misheni, masimulizi hayasongi mbele. Pingamizi hili lina nguvu, na kazi yenyewe inalitambua. Njia panda yake iliyo wazi iko katika shambulio la kwanza la Korhal, ambapo mchezaji huchagua kuharibu ama maghala ya makombora ya nyuklia ama maabara inayowezesha manowari za anga za adui. Uchaguzi huo huamua silaha atakazokabiliana nazo katika misheni inayofuata. Hana uchaguzi wowote kuhusu nani amtumikie. Kwa hiyo lawama haikai katika uamuzi. Inakaa katika mazoea: kukusanya madini na gesi, kujenga kambi, kupanga mashambulizi. Stadi hizo ndizo zilizowaokoa wakimbizi wa Aiur, na ndizo zinazomuua Fenix, bila mkono kuhisi tofauti.

Upungufu wa kazi hii uko mahali hapohapo. Wahusika wengine humsemesha mchezaji, lakini mhusika anayemwakilisha hana kauli yake. DuGalle anapoamuru Stukov asakwe, hakuna hata swali linaloulizwa. Ukimya huo unaikuza dhamira ya utiifu, lakini pia unaifanya shaka ikose sauti ndani ya matini. Shaka yote inaachiwa anayekaa mbele ya kompyuta, naye anaweza kuipuuza.

5.0 Hitimisho

Misheni ya mwisho inamkutanisha Kerrigan na majeshi matatu: la DuGalle, la Mengsk na la Protoss wakiongozwa na Artanis. Mchezaji anapambana na watu aliowatumikia katika kampeni mbili zilizopita, na akifaulu anawashinda wote. Lakini tamati inaipa sauti ya DuGalle nafasi kubwa: anamwandikia mkewe barua akikiri makosa yake, kisha anajiua. Mshindi anapata ushindi, aliyeshindwa anapata neno.

Uhakiki huu umebaini kwamba thamani ya Brood War haimo katika kumruhusu mchezaji aonje uovu. Imo katika kumrudisha nyuma akague ushujaa wake. Aldaris na Stukov waliangamizwa na mchezaji aliyejiona yuko upande wa haki; Fenix aliangamizwa na mchezaji aliyejua hayuko. Matokeo hayakutofautiana. Kwa sababu hiyo, istilahi za shujaa na mwovu, zinapotumiwa kuhakiki michezo ya kompyuta, zinahitaji kuambatana na maswali mawili: mchezaji alijua nini wakati wa kutenda, na alikijua lini.