Hukumu ya Mwaka 1954 Juu ya Farisi

Walioitazama sahani ya picha ya Palomar inayoonyesha galaksi NGC 1275, katika kundinyota la Farisi, hawahitaji kukumbushwa jinsi wanaastronomia Baade na Minkowski walivyoamua mwaka 1954, nami natamka mapema kwamba uamuzi ule ulikuwa batili: waliona vumbi na mikono iliyopindana, wakasema kuwa ni galaksi parafujo mbili zilizogongana, na kwamba mgongano huo ndio uliozaa mawimbi makali ya redio.

Dhana ilitangulia ushahidi. Tangu 1951 Spitzer na Baade walikwisha kuandika kwamba galaksi zikipenyana, nyota zao hupishana salama ilhali gesi zao hupigana; basi chanzo cha redio cha Dajaja, cha Farisi na cha Kantarusi vyote vikafasiriwa kwa dhana hiyo moja. Na ilhali Jennison na Das Gupta walichapisha mwaka 1953 kwamba mawimbi ya Dajaja hutoka katika mapande mawili, moja kila upande wa galaksi, wala si pale pa mgongano, imani ile iliendelea kwa miaka.

Kisha Minkowski akapima spektra ya NGC 1275, akakuta kasi mbili: kilomita 5,200 kwa sekunde, na 8,200. Hapo ndipo palipompasa kusimama akauliza ipi iko mbele na ipi iko nyuma, kwani hata mtu wa Mitwero, nchini Tanzania, aonapo tanga moja limelifunika jingine katika ghuba ya Lindi hasemi kuwa majahazi yamegongana kabla hajajua lipi liko karibu. Yeye akaichukua tofauti ya 3,000 kuwa ndiyo nguvu ya mgongano wenyewe. Jawabu lilipatikana mwaka 1973, gesi ya haidrojeni ya parafujo yenye kasi ya 8,200 ilipoonekana ikifyonza mawimbi ya chanzo, jambo lisilowezekana ila gesi iwe mbele yake. Parafujo iko upande wetu, nayo inatukimbia kwa kasi zaidi kuliko ile iliyo nyuma yake; maana yake inaielekea, wala haijaifikia. Mwenye redio ni hiyo iliyo nyuma, galaksi kubwa ya duaradufu.

Bolton, Stanley na Slee hawakutanguliza dhana namna hiyo. Antena yao ilisimama juu ya jabali la Dover Heights, Australia, ikipokea wimbi lijalo moja kwa moja pamoja na lile lililoakisiwa na bahari. Kwa vifaa hafifu vile wakapima kwanza, na mwaka 1949 wakaitaja NGC 5128 kuwa chanzo cha Kantarusi, kwa tahadhari kubwa. Wapimaji wa namna ile siku hizi ni adimu.

Hata hivyo, parafujo zenye redio ya nguvu ya haki zipo: Ledlow, Owen na Keel waliifanya vema kazi ya galaksi 0313-192 mwaka 1998, na Bagchi na wenzake, mwaka 2014, ile ya J2345-0449, ambayo mapande yake yameenea miaka ya nuru ipatayo milioni 5.

Hiyo 0313-192 hupita nyuzi 9 tu kutoka utosi wa Mitwero. Lakini katika nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa na Afrika Kusini katika darubini kubwa ya redio, Kenya imo na Msumbiji imo, na Tanzania, iliyo katikati yao, haimo. Neno hili nimelisema mara nyingi, na nitalisema tena.