Kuhama, Kuhamia na Kurejea: Juu ya Kazi ya Abdelmalek Sayad

Abdelmalek Sayad, mtaalamu wa elimu ya jamii, alizaliwa Kabylia, Algeria, mwaka 1933, akafa mwaka 1998. Alisoma Algiers kwa Pierre Bourdieu, akaandika pamoja naye Le Déracinement (1964), juu ya wakulima ambao jeshi la Kifaransa liliwang'oa vijijini mwao na kuwakusanya makambini. Baadaye, katika CNRS, alishughulika na Waalgeria waendao Ufaransa kutafuta kazi. Kitabu chake kijulikanacho zaidi, La Double Absence, kilitoka mwaka 1999, mwenyewe amekwisha kufa.

Hoja yake kubwa ni nyepesi kutamkwa, nzito kufuatwa: kabla mtu hajahamia, amehama. Wengi walimtazama mgeni kana kwamba alizaliwa siku aliyoshuka bandarini. Sayad alianza kijijini. Katika makala ya 1977 alipambanua zama tatu: kwanza, mkulima aliyetumwa na jamaa zake akachume kisha arudi shambani, pili, kijana aliyejitafutia mwenyewe na kuupa kisogo ukulima, tatu, jamii nzima ya Waalgeria iliyokaa Ufaransa.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina faida ya pekee. Lugha yetu yatoa hama na hamia katika shina moja, na kauli ya kutendea ndiyo igeuzayo upande wa mtazamaji. Lakini twasema uhamiaji, hata idara ya serikali yaitwa hivyo, na kwa neno hilo twasimama mlangoni pa mwenyeji, pamoja na mkagua pasi. Neno ughaibuni latokana na ghaibu, yaani kutokuwapo. Hapo twasimama nyumbani, twamhesabu aliyeondoka. Kila neno lina jicho moja. Sayad aonyesha kwamba mtu huyo hayupo kotekote: kwao ameondoka, na huko aliko hahesabiwi kuwa yupo. Basi ye yote atakayemfasiri kwa neno uhamiaji peke yake atakuwa ameipoteza hoja tangu mwanzo. Afadhali aseme "kuhama na kuhamia", ijapokuwa ni refu.

Juu ya kurejea, Sayad afundisha kwamba mtu aweza kurudia mahali, lakini hawezi kuurudia wakati alioondoka, wala kuwa yule aliyeondoka. Hapo nina shaka kidogo. Katika makala yake "El Ghorba" (1975) alieleza jinsi warudio likizoni wafichavyo taabu zao, na jinsi uwongo huo uwavutavyo vijana wengine. Uchunguzi huo ni bora kabisa. Lakini huyo ni mwenye kurudi ili aondoke tena. Yule aliyerudi kukaa, ajengaye, agombaniaye shamba na ndugu zake, azoeaye upya desturi za kwao, haonekani kwa uwazi uo huo. Kurudi kwatajwa zaidi kama tamaa ya aliye mbali kuliko kama kazi ya kila siku ya aliyekwisha kufika. Na aliyerudi si lazima abaki ghaibu milele. Kuwapo nako hujengwa.

Hata hivyo upungufu huo waweza kuzibwa kwa chombo kile kile alichotuachia. Neno la wasemaji wenyewe, ghorba, alilitia katika kichwa cha makala yake bila ya kulifasiri. Atakayewachunguza warejeao kwetu na aanze vivyo hivyo: kwanza asikilize wajiitaje, na wenyeji wao wawaitaje, ndipo achague istilahi.