Istilahi za Bomba la Mvua: Vali Ipi Iondolewe?

Kazi ya istilahi si kupamba maandishi, bali ni kumwonyesha mtendaji kitu gani akishike na kipi akiache. Kipimo hicho chafaa kutumiwa kuhakiki tafsiri za maelekezo ya kutengeneza kichanganyio, yaani chombo cha bafuni kinachokutanisha maji ya moto na ya baridi kabla hayajafika kwenye bomba la mvua.

Tuchukue kwa mfano sentensi hii: “Ondoa vali ya zamani iliyo nyuma ya ukuta wa marumaru.” Kisarufi haina ila. Kimaana ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni neno vali. Kichanganyio chenye mkono mmoja kina sehemu mbili kuu. Moja ni umbo la metali lililoungwa na mabomba na kufukiwa ukutani. Nyingine ni kipande kilichomo ndani yake, ambacho ndicho hufungua, hufunga na kuchanganya maji. Aghalabu kinachochakaa ni hicho cha ndani. Maji yakisha kufungwa, mkono na bamba la usoni vikaondolewa, na kibanio kikachomolewa, kipande hicho huvutwa kwa mbele bila kuvunja hata marumaru moja. Lakini fundi aliyeambiwa tu “ondoa vali” atashika tindo, na mwenye nyumba atapoteza marumaru ambazo huenda haziuzwi tena. Neno miksa, lililozoewa na mafundi, si la kudharauliwa. Hata hivyo, nalo hutaja chombo kizima. Kwa hiyo twapendekeza kasha la vali kwa sehemu inayobaki, na kiini cha vali kwa ile inayotoka.

Kasoro ya pili ni nyuma ya. Hapa mfasiri amefuata mno lugha asilia. Katika nyumba nyingi za Marekani ukuta ni fremu ya mbao yenye uwazi katikati, na mabomba hupita humo. Hata kasha likipasuka, mara nyingi fundi aweza kulifikia kwa kufungua ukuta upande wa chumba cha pili. Katika nyumba zetu za matofali ya saruji, bomba huchimbiwa njia ukutani na kufunikwa kwa lipu. Kwa msomaji wetu, “nyuma ya ukuta” ni chumba cha pili au uani, nako hakuna vali. Yafaa iandikwe: “ndani ya ukuta, chini ya marumaru.”

Liko pia suala la usalama. Viini vya aina nyingi vikitiwa kinyume, moto na baridi hubadilishana pande. Na maji ya nyuzi 60 za sentigredi huunguza ngozi vibaya kwa sekunde chache. Agizo la “rudisha kama kilivyokuwa” halitoshi: mfasiri hana budi kuitaja alama iliyo juu ya kiini na upande inaopaswa kuelekea. Asiyekijua chombo na amwulize fundi kwanza, ndipo afungue kamusi.