Maonyesho Yasiyo na Kuta

Mwaka 1947 mwandishi wa Ufaransa, André Malraux, alitoa kitabu juu ya jumba la sanaa lililomo mawazoni. Hoja yake si ngumu. Tangu kamera ilipovumbuliwa, mtu aweza kuketi nyumbani kwake akaweka taswira ya sanamu ya Misri ya kale kando ya taswira ya mchoro wa Uchina, ingawa vitu hivyo viwili havijapata kukaribiana hata siku moja. Jumba la namna hiyo halina bawabu wala halitozi kiingilio. Lakini Malraux aliyasema hayo katika nchi iliyojaa majumba ya sanaa ya mawe na vioo, na kwake jumba la mawazoni lilikuwa kitoweo juu ya shibe. Kwetu sisi wa Nairobi ni chakula chenyewe. Atakaye kuiona sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki imekusanywa mahali pamoja, kwa mpango wenye maana, aghalabu hana budi kuianzia kichwani.

Msomaji asidhani kwamba natia chumvi. Mwaka 2021 Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alifanya maonyesho katika Royal Academy, London, na humo akatenga nafasi kwa kazi za waliomtangulia: Elimo Njau, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu na wengineo. Lilikuwa tendo la adabu kwa wakubwa wake. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kangemi aliyetamani kuziona kazi zile zikiwa pamoja alihitaji pasi na nauli ya ndege. Armitage mwenyewe aliliona pengo hilo, akaasisi hapa Nairobi taasisi ya sanaa, nayo mwaka 2022 ikafungua milango yake kwa maonyesho ya Sane Wadu. Pengo limeanza kuzibwa, kuzibika bado.

Tena, maonyesho ya visivyokuwapo yamekwisha kufanywa papa hapa. Mwaka huo huo wa 2021 Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yaliweka makabati ya kioo yaliyoachwa matupu kusudi. Utupu ule ulisimama badala ya vitu vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo, na orodha iliyotayarishwa ilipita vitu 32,000. Mtazamaji alisimama mbele ya kioo kitupu, akalazimika kujiuliza mwenyewe ni kitu gani kingestahili kuwa pale. Vile vilikuwa zaidi vitu vya mababu. Mimi nataka kulitumia swali lile lile kwa kazi za zama zetu.

Kupanga maonyesho ni kuhukumu. Mwenye kutundika picha hii kando ya ile amekwisha kusema neno, japo hakufumbua kinywa. Chukua ng'ombe wa Jak Katarikawe, yule mchoraji wa Uganda aliyeishi miaka mingi Nairobi na kufariki mwaka 2018. Ukiwatundika kando ya tembo na twiga wanaochorwa kwa ajili ya watalii, umewafanya ndugu zao. Ukiwatundika kando ya picha ya arusi, mtazamaji atagundua mara moja kwamba ng'ombe wale wanapendana, na kwamba rangi zao zinayeyukiana kama maneno ya wachumba. Picha ni ile ile. Jirani ndiye aliyebadilika.

Wanachuo wangu wa ualimu huwapa zoezi hili: una ukuta mtupu na nafasi ya kazi saba, chagua. Wengi huleta Mmaasai mwenye mkuki, jua linalozama nyuma ya mgunga, na mwanamke mwenye mtungi. Siwalaumu. Hizo ndizo picha zinazosimamishwa kando ya barabara, nazo zilichorwa kwa ajili ya mtu apitaye na aondokaye kesho. Lakini asiyejichaguliwa huchaguliwa. Katika maonyesho makubwa ya Venice, mwaka 2013 na tena mwaka 2015, palikuwa na banda lenye jina la Kenya ambamo wasanii wengi walikuwa wa Uchina na Italia, na Wakenya wakahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mara ile ya pili wasanii wa Nairobi walipiga kelele hata serikali ikalikana banda lile. Kelele zilifaa. Lakini walipoulizwa, je, ninyi mngetundika nini, jibu halikuwa jepesi hata kidogo.

Basi nami nitajaribu. Kanuni yangu ni moja tu: kila kazi niichaguayo iwe imenifunza kukiona upya kitu ambacho nakiona kila siku.

Maonyesho yangu yaanza katikati ya mji, katika jengo la Nyaraka za Taifa lililoko Moi Avenue, ambalo zamani lilikuwa benki. Humo mna sehemu ya hazina aliyoikusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Nyumba yake ya Muthaiga, aliyoiuzia serikali katika miaka ya 1970 kwa kutumaini kwamba itakuwa mahali pa elimu ya Afrika, ilibomolewa. Kwa hiyo naona ni haki kuanzia kwake. Nje ya mlango, karibu na sanamu ya Tom Mboya, ningeketisha wale wanawake wanne wa shaba wa Wangechi Mutu, waliowekwa mwaka 2019 mbele ya jumba la Metropolitan, New York. Kule waliketi juu sana, kwenye vishubaka vya ukuta. Hapa ningewaketisha chini, kimo cha mtu anayengoja matatu, ili anayepita na mzigo wake akutane nao uso kwa uso.

Ndani, wa kwanza ni Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasoma Makerere tangu 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza katika shule ile ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell. Kisha akawa mwalimu wa shule miaka mingi. Umri ulipokaribia sitini ndipo aliporudia sanaa kwa nguvu zake zote. Rangi za dukani zilikuwa ghali. Akatwaa pakiti za unga na karatasi za sabuni, akazikatakata vipande vidogo, akavibandika hata vikawa watu na wanyama wa kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York, naye akiwa mwanamke peke yake kati ya wasanii walioalikwa. Alifariki mwaka 2021.

Wako wanaomsifu Karuga kwa ajili ya umaskini wa vifaa vyake, kana kwamba wanamhurumia. Sifa hiyo ni dhuluma. Pakiti ya unga haina rangi nyingi, na mwenye kuitumia hawezi kuchanganya nyekundu na njano kama afanyavyo mwenye kopo la rangi. Hana budi kutafuta kipande chenye wekundu uleule autakao, au aishi bila hicho. Hiyo ni nidhamu kali kuliko ya brashi. Ukisimama mbali waona kiumbe kamili. Ukikaribia, waona karatasi iliyokuwa jikoni kwenu asubuhi. Kwa hiyo ningeitundika picha yake mahali penye sakafu tupu ya hatua kumi, ili mtazamaji aende na kurudi, aende na kurudi.

Kando yake ningemweka Sane Wadu, aliyezaliwa mwaka 1954 na kuacha kazi ya mshahara ili achore. Watu wakasema ana wazimu, naye akajipa jina la Sane, ambalo kwa Kiingereza ni mtu mwenye akili timamu. Naweka wawili hawa pamoja kwa sababu ya ugomvi wa zamani. Gallery Watatu, iliyoanzishwa mjini mwishoni mwa miaka ya 1960, ilipokuwa mikononi mwa Ruth Schaffner, tangu miaka ya 1980 hadi alipofariki mwaka 1996, ilipendelea sana wasanii wasiopitia shule ya sanaa. Upendeleo huo uliwalisha wengi, na Wadu mmojawapo, hatuwezi kuukana. Lakini uliwafundisha wanunuzi kwamba elimu humharibu msanii wa Kiafrika, nayo ni fikira mbaya, tena ya kale. Hata Karuga, mtoto wa Makerere, alionyesha kazi zake huko. Basi mtazamaji asimame kati ya picha hizi mbili, asisome maelezo, atambue ni yupi aliyesomea sanaa. Nadhani atashindwa.

Juu ya Elimo Njau nimefikiri sana. Kazi yake kuu, kwa maoni yangu, ni ile aliyoichora mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kuta za kanisa kuu la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Kristo wake ni mweusi, na mateso yake yatokea katika mabonde na miteremko ya nchi ile ile. Malraux angeniambia niweke taswira ya kamera. Siweki. Picha zile zilichorwa ukutani kwa ajili ya watu wanaopiga magoti mbele yake, na wengine wao walikuwa na msiba bado mbichi. Ukizipunguza zikaenea katika fremu, umebeba rangi na kuacha uzito. Mahali pake nitaweka benchi na kibao chenye neno moja, Murang'a. Anayetaka, apande basi. (Njau huyo na wenzake ndio walioanzisha Paa ya Paa mwaka 1965. Mwalimu wa sarufi ataguna juu ya jina hilo, maana mnyama paa angestahili kusemwa kuwa anapaa. Lakini mnyama huyo amepaa hata baada ya moto wa mwaka 1997 kuteketeza jumba lake.)

Kutoka mjini twafuata njia ya magharibi, zipitako matatu namba 46, hata Kilimani, ambako Kuona Trust, iliyoanza mwaka 1995 katika Makumbusho ya Taifa, ilipata makao baadaye. Hapo ningeweka picha moja tu ya Armitage. Yeye hachori juu ya turubai, bali juu ya lubugo, nguo ya gome la mti itokayo Uganda, yenye matundu na mishono. Tundu likiangukia shavuni mwa mtu, hulifuata, halizibi.

Chumba cha mwisho ni Kibera, na hakina mlango. Huko Otieno Gomba na Otieno Kota, mafundi wa kuandika vibao vya maduka, waliunda kikundi cha Maasai Mbili mwaka 2001. Na huko, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii aitwaye Solo 7 alizunguka na kopo la rangi akiandika maneno ya kutaka amani juu ya mabati, kuta na vibanda. Je, hiyo ni sanaa au ni tangazo? Nimesikia wasomi wakibishana. Mimi nauliza kama neno lile lingekuwa na nguvu ile ile kwenye karatasi, nami najibu kwamba lisingekuwa nayo: ukuta wenyewe, uliokuwa karibu kuchomwa, ni nusu ya kazi. Mengi yamekwisha kufutwa na mvua na rangi mpya. Hayo yaliyofutwa nayo yamo katika orodha yangu.

Maelezo yote yataandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, yasizidi mistari minne. Bei haitaandikwa popote. Anayetaka kununua ataelekezwa kwa msanii mwenyewe, na kama msanii amefariki, kwa jamaa zake.