Mguso wa Kwanza wa Bergkamp

Mshambuliaji hupimwa kwa mabao, na Dennis Bergkamp aliifungia Uholanzi 37 katika mechi 79. Lakini ufundi wake hasa ulikuwa katika kuupokea mpira.

Chukua robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Argentina, Marseille, 4 Julai 1998. Ubao unasoma 1-1, dakika 90 zinakaribia kwisha. Frank de Boer, akiwa kwenye nusu yake ya uwanja, anapiga pasi ndefu ya juu. Bergkamp anaukimbilia mpira huku ukimjia kutoka nyuma ya bega. Anaruka, ananyoosha mguu wa kulia, na gozi linatua mbele yake limetulia tuli. Mguso wa pili unaukatia mpira ndani, beki Roberto Ayala anaachwa. Wa tatu, kwa nje ya mguu uleule, unampita kipa Carlos Roa na kujaa wavuni. Wengi husifu ule wa mwisho. Mimi naona Ayala alishindwa kwenye ule wa kwanza: laiti mpira ungemtoka Bergkamp hata hatua moja, beki angeuwahi.

Utotoni, Amsterdam, alikuwa akipiga mpira ukutani kwa saa nyingi, akichunguza unavyorudi kila anapobadili namna ya kuupiga. Ndiyo maana siwakubali waliosema bao aliloifungia Arsenal dhidi ya Newcastle, Machi 2002, lilikuwa la bahati. Alipokea pasi ya Robert Pires akiwa ameligeuzia lango mgongo, akaugusa kidogo kwa mguu wa kushoto. Mpira ukapita upande mmoja wa Nikos Dabizas, yeye akapita mwingine, wakakutana nyuma ya beki. Bahati haijui kuzunguka hivyo.

Miaka miwili ya Inter Milan haikumkalia vizuri, na woga wa kupanda ndege ulimkosesha mechi nyingi za ugenini barani Ulaya. Arsenal, aliyojiunga nayo 1995, ilimvumilia hadi alipostaafu 2006, na ikavuna.

Desemba 2001, uwanjani Highbury, wachezaji wa Juventus walimzonga pembeni mwa eneo la hatari. Hakupiga. Aliuviringisha mpira, akageuka, akageuka tena, akimsubiri Fredrik Ljungberg amalize mbio zake. Kisha akaupenyeza katikati yao, na Ljungberg akauinua juu ya kipa Buffon.