BAADA YA MAVUNO: Kukisoma Tena Kijitabu cha 1977 Tukiwa Bariadi

Tarehe 5 Februari 1977, siku Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa, Azimio la Arusha lilikuwa linatimiza miaka kumi. Ingekuwa rahisi kushangilia tu. Badala yake Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu, *Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi*. Alieleza humo mafanikio ya elimu na afya, kisha akasema wazi kwamba nchi ilikuwa bado haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Hilo ndilo funzo lake kubwa kwa makada: ushindi wa kwanza ni mahali pa kujipima, si mahali pa kupumzikia.

Lakini kukisifu hakutoshi. Kijitabu kinalaumu uzembe, kukua kwa urasimu na kushuka kwa uzalishaji. Sisi tunauliza: juhudi hulegea kwa nani kwanza? Jibu tulitafute katika pamba ya Usukuma.

Katika miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Walianza kwa kupima pamba yao wenyewe, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria (VFCU) chini ya Paul Bomani. Kufikia 1959 zao lote la Kanda ya Ziwa lilipita mikononi mwa shirikisho hilo. Ushindi ulikuwa wa kweli. Baada yake, mizani ikawa mali ya makarani. Tume ya mwaka 1966 ilikuta katika ushirika wizi, upendeleo na usimamizi mbovu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hurushiwa mkulima, kumbe mgema hapa alikuwa kiongozi aliyejitenga na wanachama. Na mwaka 1976 vyama vikuu vilipovunjwa, dawa ilimnyang'anya mwanachama chombo chake badala ya kumwondolea mwizi. Kijitabu kilitoka miezi michache baadaye, kikidai bidii kwa mkulima ambaye hakuwa tena na sauti juu ya zao lake. Huo ndio upungufu wake. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa.

Je, hayo yamepita? Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, makao yake yakiwa Bariadi, ndio ghala kuu la pamba nchini. Msimu wa 2005/2006 taifa lilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu. Msimu uliofuata haikufika nusu. Msimu wa 2019/2020 zilipatikana zaidi ya tani 340,000. Uliofuata tena haukufika nusu. Mvua na bei ya dunia zina sehemu yake, hatukatai. Lakini mwaka 2019 wakulima wengi walikopwa pamba yao na kungoja malipo kwa miezi. Kanuni za kilimo humtaka mkulima ang'oe na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno ili funza wasivuke msimu. Kazi hiyo ni ngumu na haina ujira wa papo hapo. Nani ataifanya kwa moyo ilhali hajalipwa mavuno yaliyopita?

Basi tuseme bila kuuma maneno: kubweteka huanzia ofisini, kisha hushuka shambani. Hotuba ya kuhimiza bidii haiwezi kujaza pengo la malipo.

Kada anayefika kijijini baada ya msimu mzuri asianze na pongezi. Aulize: Mizani imekaguliwa, na mbele ya nani? Hesabu za chama cha msingi zimesomwa kwa wanachama? Nani bado anadai? Kiongozi aliyeshindwa ameondolewa na wanachama wenyewe? Maswali haya yakiulizwa kila mwaka, hasa mwaka wa neema, juhudi itadumu. Yakiachwa, tutakuwa tunashangilia mavuno huku tukipanda njaa ya msimu ujao.