Nani Mshamba Katika Nyumba ya Karen Blixen?

Kiswahili hakina huruma na shamba. Ukimwita mtu mshamba, umeshamtukana. Lakini siku hizi watu wanamlipa fundi aichakaze meza mpya ionekane imetoka ghalani, kisha wanaiweka sebuleni chini ya taa ya kisasa na kuipiga picha. Ushamba wa meza ni urembo. Ushamba wa mtu ni aibu. Hicho ndicho kilichonikaa kichwani niliporudia kusoma *Out of Africa* ya Karen Blixen, kitabu cha 1937.

Nyumba yake bado ipo Nairobi, ukitazama vilima vya Ngong. Ilijengwa 1912, naye akaishi humo kuanzia 1917 hadi 1931, kilimo cha kahawa kilipomshinda. Kuta ni za mawe, paa la vigae, baraza pana. Ndani kuna mbao, ngozi za wanyama na vyombo vya Ulaya. Ni mseto uleule unaouzwa leo kama mtindo. Tangu 1986 ni makumbusho, na samani zake ni mchanganyiko: nyingine alizitumia mwenyewe, nyingine zilitumika katika filamu ya 1985, ile iliyoshinda hata Oscar ya upambaji wa seti. Kwa hiyo unachokipenda pale ni nusu maisha, nusu sinema.

Kitabu kina akili kuliko mapambo hayo. Chukua saa ya ukutani, ile yenye ndege wa bandia anayetoka na kulia kila saa. Blixen anakiri kwamba pale ilikuwa anasa tupu, maana jua linatosha kukueleza wakati. Lakini watoto wachungaji walikuja adhuhuri kumsubiri ndege huyo. Mmoja, mdogo kabisa, alirudi asubuhi peke yake, akasimama mbele ya saa iliyonyamaza na kuiimbia kwa Kikuyu, kama mtu anayetongoza. Watumishi wa ndani wakawacheka: hawa hawajui kitu, wanadhani ndege yuko hai. Yaani, washamba.

Ungedhani hadithi imeishia kwenye kicheko. Hapana. Mara Blixen anatuonyesha watumishi haohao wakija kushangaa mashine yake ya kupigia chapa. Kamante, mpishi wake, wakati mwingine anaikodolea macho saa nzima jioni. Tena Kamante ndiye anayetilia shaka kama karatasi zake zilizotawanyika zitakuwa kitabu, akizilinganisha na *Odyssey* iliyojalidiwa, nzito na ngumu. Hapo mhakiki ni mpishi, na mwandishi ndiye anayepimwa. Kila mtu ni mshamba mbele ya kitu fulani, na Blixen analijua hilo.

Ila kuna mahali ananiudhi. Anatuambia mtoto aliimba, lakini hatuandikii hata neno moja la wimbo. Tunapewa sauti, tunanyimwa maneno. Na familia za Wakikuyu waliokuwa maskwota shambani kwake zililipia haki ya kuishi pale kwa kufanya kazi siku 180 kwa mwaka. Blixen halifichi hilo. Lakini ukishavutwa na uzuri wa sentensi zake, ni rahisi sana kulipita kama unavyopita fanicha.

Ndiyo maana bado nakipendekeza, pamoja na hasira zangu. Makumbusho na filamu vinatupa vitu vilivyopangwa vizuri. Kitabu kinatupa watu wanaovitazama vitu hivyo, na bila macho yao saa ile ni kelele tu ukutani. Basi ukipamba nyumba yako kwa mtindo wa shamba, sawa, pendeza. Lakini siku mtoto wa jirani akiingia akaduwaa mbele ya taa yako, usimcheke. Muulize anaona nini, halafu umsikilize mpaka amalize.